Maji ya Nasir

Watu wa Wundanyi wakiniuliza nilifanya kazi gani Saudia miaka yote ile, huwajibu kwamba nilikuwa namsukuma mama mmoja mzee kwenda kutazama ndege. Wanacheka. Wengine wanadhani kuna jambo nalificha, kwa kuwa wamezoea habari za Saudia zenye machozi tu. Machozi yapo, sikatai, na nimewashika mkono wenzangu waliokuwa wakilia. Lakini ninyi mabinti mnaopanga mabegi leo mtasimuliwa hayo na kila mtu. Mimi nataka kuwasimulia kazi yenyewe, maana niliifanya vizuri na sioni haya kusema hivyo.

Jina langu ni Mkawasi, na hapa nyumbani wananiita Mama Mshai. Niliondoka wakati ule maajenti walipokuwa wakizunguka hadi huku milimani na gari lenye spika, na kila boma lilikuwa na mtu mwenye pasipoti mpya. Sikuwa msichana. Ajenti alinitazama mvi, akataka kunipita. Nikamwambia anipeleke kwa wazee, kwa sababu nilimuuguza mama mkwe wangu kitandani hadi mwisho na hakupata kidonda cha kulala hata kimoja. Hakujua kidonda cha kulala ni nini. Nikamweleza pale pale, mbele ya foleni, jinsi mtu asiyegeuzwa anavyooza nyonga akiwa hai. Akaandika jina langu upesi ili ninyamaze.

Hata hivyo Riyadh walinipa nyumba yenye watoto, mtaa wa Al-Naseem. Siku ya kwanza madam aliniambia nitengeneze kahawa ya wageni. Nikafungua kopo, nikaona buni zimekaangwa nusunusu, rangi ya manjano. Nikasema moyoni, maskini, hawa watu wameuziwa kahawa mbichi. Nikazikaanga upya mpaka zikawa nyeusi tititi, moshi ukajaa jikoni, nikatwanga, nikachemsha, nikajisifu. Madam alimimina kikombe cha kwanza, akachungulia ndani, akaniuliza kama gari la baba limemwaga oili. Kumbe kahawa yao ndivyo ilivyo, nyepesi, ya manjano, yenye iliki, na wanaipenda hivyo tangu enzi za mababu zao. Basi chukueni hilo kwanza. Kabla hujatengeneza kitu cha watu, uliza kama kimeharibika.

Baba wa nyumba hiyo alikuwa mtu mpole, mwenye ofisi mtaa wa Olaya. Nilimpigia pasi kanzu zake miaka miwili, na katika miaka hiyo sikusikia hata siku moja kwamba aliwahi kuwa na kaka. Kisha mama yake aliyekuwa akiishi Jeddah akaanza kusahau. Msaidizi wake wa kwanza alishindwa, wa pili akashindwa. Jioni moja baba akaja jikoni, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akasema, “Mkawasi, mama yangu anasahau. Wewe una subira. Utaenda kwake?” Aliniuliza, hakuniamuru. Yeye ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wangu kisheria, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi kule, ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kusema yalla, panda gari. Nilikumbuka swali lile baadaye, siku nilipokuwa nimemkasirikia sana.

Nyumba ya Jeddah ilikuwa Al-Hamra, karibu na bahari. Huko wafanyakazi wote humwita mama mzee wa nyumba mama kabira, nami nikamwita hivyo. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makali, na siku ya kwanza alinirushia kandambili. Niliiokota, nikamvisha, nikamwambia bado moja. Akacheka. Tangu hapo tukaelewana.

Sasa sikilizeni kazi. Maji ya kumwogesha mzee yapime kwa kiwiko, si kwa vidole, maana vidole vya mfanyakazi vimeshazoea moto. Kiti cha magurudumu kikifika mteremko, tangulia wewe kwa kinyumenyume, yeye abaki akitazama juu alikotoka. Ukimteremsha kwa mbele anaona ardhi inamjia na moyo unampasuka. Mzee asiyetaka kula usimkodolee macho. Keti naye, kula chako, msifie mpishi hata kama mpishi ni wewe. Na akikuuliza jambo lile lile mara nyingi, jibu kama ni mara ya kwanza, kwa sababu kwake ndiyo mara ya kwanza.

Swali la mama kabira lilikuwa moja. “Nasir amerudi?”

Nasir alikuwa mwanawe wa kwanza, rubani wa ndege za kivita. Ndege yake iliangukia baharini wakati wa vita, zamani, na bahari haikurudisha kitu. Hayo sikuambiwa na baba. Niliambiwa na Bi Zuhura, mama wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani tangu kabla barabara yetu haijatiwa lami. Tulikutana nje tulipokuwa tukitoa taka. Nikamwuliza nimjibuje mama yule.

“Usimwambie kafa,” akasema Bi Zuhura. “Utamfisha upya kila siku. Wala usimwambie yuaja, utakuwa mwongo. Mwambie, twende kwake.”

“Kwake wapi, na hana kaburi?”

“Wewe hujaiona ile ndege pale Kornishi?”

Nilikuwa nimeiona, ila nilidhani ni pambo. Pale ufukweni, Jeddah ina mapambo mengi ya kila namna. Hii ilikuwa ndege ya kivita ya kweli, imesimamishwa juu ya nguzo ya zege, pua imeelekea baharini, na chini yake jiwe lenye jina la Nasir na maneno ya dua. Kila wiki, baada ya sala ya alasiri, dereva wetu alitupeleka. Mama kabira aliketi mbele ya lile jiwe, akasoma dua yake, kisha akamtaja mwanawe kwa jina na kumpa habari: nani ameoa, nani amezaa, bei ya samaki, na kwamba mfanyakazi mpya ni mweusi na ana kichwa kigumu. Hakulia. Akimaliza aligonga kiti kwa pete yake, ndiyo ishara ya kuondoka, na usiku huo alikula vizuri na kulala bila kuniamsha. Nilijivunia sana kugundua hilo. Daktari alimpa vidonge, mimi nilimpa ndege.

Dereva wetu aliitwa Wafula, kijana wa Webuye, mkarimu kupita kiasi. Sasa Wafula alitutazama mwezi baada ya mwezi tukienda pale na kurudi, na jambo likamkera. Wiki moja alipofungua buti kutoa kile kiti, akatoa na shada la maua. Shada la haki, la mduara, lenye utepe mweupe, la kumzikia chifu. Alikuwa amelisuka mwenyewe. Kabla sijasema neno alikwishaliegemeza kwenye lile jiwe, akavua kofia, akainamisha kichwa.

“Wafula, umefanya nini?”

“Sasa nimekosa nini, Mama Mshai? Kwetu huwezi enda kwa marehemu mikono mitupu kila wiki. Ni aibu. Huyu alikuwa sojaa.”

Mama kabira alilitazama lile shada, akagusa ua moja. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa, na pale Wundanyi ningelia kwa furaha kuona heshima kama ile. Lakini mpita njia mmoja alikuwa na simu, na picha haina miguu ila hufika mbali. Kabla ya sala ya isha ilikuwa imefika Al-Naseem.

Baba akapiga simu. “Nani ameweka maua?”

Nikamwambia ukweli, na nikamwambia kwamba kwetu hiyo ni heshima kubwa.

“Hapa si kwenu,” akasema. “Watu wataona tunaabudu jiwe. Haramu. Halas, Mkawasi. Mafi Kornishi, hakuna. Mafi ndege tena.”

Nilimwelewa, na nilimkasirikia vilevile. Wafula alikosea kwa moyo safi, kama mimi na kahawa yangu, na aliyeadhibiwa akawa mama ambaye hakununua hata petali moja. Nilisema maneno fulani ya Kitaita nikiwa nimefunga mlango wa jiko, siwezi kuyarudia hapa.

Wiki iliyofuata mama kabira alivaa abaya yake baada ya alasiri akaketi mlangoni. Nikamwambia baba amekataza. Akasema haya, na akabaki pale pale mpaka adhana ya magharibi. Chakula cha usiku alifunga mdomo. Asubuhi alifunga mdomo. Nikaketi naye, nikala changu, nikamsifu mpishi, nikampikia kila alichowahi kupenda. Nikaleta tende, nikaleta maziwa ya ngamia, nikaleta ule mkate wa moto wenye ufuta. Alikubali maji kidogo tu. Ujuzi wangu wote ukaishia hapo, na nawaambia ukweli, niliogopa. Nimeona wazee wanavyoondoka. Huanza kwa kufunga mdomo.

Daktari akaja, akasema tumbo halina ugonjwa, lakini akiendelea hivyo itabidi alazwe na kulishwa kwa mpira. Baba akasema atakuja mwisho wa wiki kumchukua, akakae Riyadh kwa watoto, asahau habari za bahari. Nilipomweleza mama kabira, akili yake siku hiyo ilikuwa safi kama yangu. Akanishika mkono.

“Nikienda Riyadh, binti yangu, nani atamtaja Nasir?”

Nilitoka nje na mfuko wa taka uliokuwa bado haujajaa, nikamngoja Bi Zuhura. Wafula aliyekuwa akiosha gari akaniambia, “Mama Mshai, wacha tu, hiyo ni maneno ya familia. Pilipili usiyoila yakuwashiani?” Nikamwambia hii pilipili kaipanda yeye, afunge mdomo aendelee kupiga rimu maji.

Bi Zuhura alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanionyesha kwa kidevu lile tangi la chuma lililojengwa ukutani mwa nyumba yao, upande wa barabara, lenye bomba na vikombe, la maji baridi ya wapita njia.

“Lile waliona?”

“Naliona kila siku.”

“Lile ni la bwana wa nyumba hii. Kafa miaka mingi. Kila anywaye maji yale humwombea. Dada yangu, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Huku maiti hapelekewi maua. Hutolewa maji.”

Nikamtazama Wafula. Miaka yote ile alikuwa akijaza chupa zake kwenye bomba lile, asubuhi na jioni, na hakuwahi kumwombea mtu yeyote. Nilipompita nikirudi ndani nilimwambia anakunywa madeni ya dua. Alishtuka, akaenda akasimama mbele ya lile tangi, akavua kofia.

Nikampigia baba simu. Mfanyakazi hampigii kafili simu kumpa mashauri ya dini, hasa mfanyakazi Mkristo. Nikasema, “Baba, maua tumekosea, samahani. Lakini maji? Wafagiaji wa Kornishi wanashinda juani. Mama akiwapa maji baridi pale, kwa ajili ya Nasir, ni haramu?”

Nilidhani simu imekatika.

“Nani kakufundisha hilo?”

“Jirani.”

Akasema, “Nikija tutamwacha atoe maji. Mara moja, aage. Kisha tunaondoka naye.”

Nikasema sawa, baba. Mara moja ilikuwa bora kuliko kutokwenda kabisa, na mimi hujifunga kibwebwe kwa kile nilichopewa.

Siku hiyo tulipanga makasha ya maji, barafu, jagi na vikombe kwenye buti, na tende kwenye sinia. Baba aliendesha gari mwenyewe, Wafula akakaa nyuma nami, amebana magoti kama yuko kanisani. Mkoba wa mama kabira ulikuwa umekwisha kufungwa, uko nyumbani mlangoni. Tulipofika, baba hakushuka. Aliacha injini inanguruma na kiyoyozi kinavuma, akateremsha kioo kidogo, akatazama usukani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba anawahofia watu, lakini zaidi anaihofia ile ndege. Baadaye aliniambia hakuwa amefika pale tangu ilipoinuliwa.

Nikamsogeza mama kabira hadi kwenye lile jiwe. Hakuwa na nguvu ya kukaa wima; nilimwekea mto ubavuni. Wafula akaita wafagiaji, watu wa Bangladeshi waliovaa ovaroli, wakaja wakiburuta fagio zao, wakapanga mstari bila kuambiwa. Nikampa mama kabira kikombe cha kwanza amkabidhi mwenyewe mzee wa mbele. Maji yalimwagika kidogo, lakini kikombe kilifika.

Yule mzee wa mbele, mwenye ndevu nyeupe, hakunywa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akauliza kwa Kiarabu cha kuvunjikavunjika kama changu, “Mama, sadaka ya nani? Tumwombee nani?”

Nikaona mama kabira hana sauti, nikafungua mdomo nimjibie. Nilikuwa na jina midomoni. Akainua kidole chenye pete, akanizuia.

“Wewe nyamaza,” akasema. “Nasir ana ndugu yake.”

Alisema taratibu, lakini kioo cha gari kilikuwa wazi. Watu wote wakageuka. Injini ikazimwa. Baba akashuka, kanzu yake nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe alfajiri hiyo, akatembea hadi pale kama mtu anayetembea ndani ya maji. Hakumtazama mama yake. Alimtazama yule mzee mwenye kikombe, na ilimchukua muda.

“Nasir,” akasema. “Kaka yangu. Kaka yangu mkubwa, Nasir.”

Yule mzee akasema Mungu amrehemu Nasir, akanywa. Wa pili akasema Mungu amrehemu Nasir, akanywa. Baba akawa amechukua jagi mkononi mwangu na yeye ndiye anayemimina, na machozi yanaingia kwenye ndevu zake bila kuyafuta. Kila aliyefika alilitaja jina, akanywa, akapisha. Wengine walilitamka vibaya. Wafula naye akajipanga mwishoni, akapokea kikombe chake kwa adabu zote za Webuye, akamwombea Nasir kwa Kibukusu, na hakuna aliyemkataza. Jina la rubani yule lilitoka kwenye vinywa vingi kuliko nilivyowahi kulisikia likitajwa, na mama yake aliketi akilisikiliza kila lilipotajwa.

Maji yalipokwisha aligonga kiti kwa pete. Nikainama nione anataka nini.

“Mkawasi,” akasema, “nina njaa.”

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, nimevaa abaya, nilikimbia mbele ya watu hadi kwenye gari kuchukua lile sinia la tende. Nikamtolea kokwa, nikamlisha kwa mkono huu, naye akatafuna taratibu akiitazama ile ndege, akaomba nyingine, kisha nyingine. Baba alikuwa amechuchumaa chini karibu na magurudumu ya kiti, akimshikia kikombe. Wanangu, nimelisha watu wengi maishani. Sijawahi kuona fahari kama siku ile.

Mkoba tuliukuta mlangoni, baba mwenyewe akaufungua na kurudisha nguo kabatini. Mama kabira hakwenda Riyadh tena. Baba ndiye aliyekuwa akija Jeddah, kila mwezi, na makasha ya maji, halafu akaanza kuja na watoto wake, wale wale niliowaosha Al-Naseem bila wao kujua kwamba wana baba mkubwa. Mwishowe akajenga tangi la chuma kwenye ukuta wa nyumba, upande wa barabara, kama la jirani. Mama kabira alifia kitandani mwake, amegeuzwa vizuri, ngozi yake nzima, na hilo mniandikie kaburini kwangu nikifa. Tangi likapata jina la pili.

Basi mkifika huko msidharau kazi ya kusukuma kiti. Msiweke maua mahali msipoambiwa, na msikaange kahawa ya watu. Ulizeni jirani. Mzee akifunga mdomo, msitafute chakula kingine. Tafuteni nini kimefungwa pamoja nao.

Mimi nilirudi nikajenga hapa kwenye kona ya kupandia mlima, mahali ambapo kila apitaye na mzigo huwa amechoka. Nje ya lango nimeweka mtungi wa maji wenye kifuniko na kikombe. Mchungaji wetu aliniuliza kama siku hizi nimebadili dini, nikamwambia anywe kwanza ndipo tuzungumze. Akanywa. Na wewe ukipita hapa una kiu, usibishe hodi, kunywa tu. Ukimaliza, kabla hujafunika mtungi, mtaje Nasir, na umtaje na mama yake.